Nimepimwa masikio nikaambiwa mazima, ila mke wangu anasema simsikilizi. Tatizo liko wapi?

fundi_mninga

Habari za jioni wakuu. Naomba nieleze kwa urefu kidogo maana nikifupisha itaonekana ni ugomvi wa mke na mume tu, na mi nahisi kuna kitu zaidi ya hapo.

Mi ni fundi seremala, nina karakana ya vitanda na makabati hapa Dar, kazi nimeipokea kwa baba mdogo, kwahiyo toka nimemaliza la saba niko kwenye mashine. Mashine ya randa, msumeno wa umeme, grainda ya msasa, vyote viko chini ya bati moja, na vijana wangu nao wana spika yao ya bluetooth wanashindana na mashine. Sasa hivi karibuni mama watoto amekuwa analalamika kila siku kwamba simsikilizi. Akiongea naitikia "sawa, sawa", baadae akiniuliza eti nimesema nini naanza kutafuta maneno. Mwanzo nilichukulia ni yale malalamiko ya kawaida ya kinamama (dada zangu mnisamehe) lakini kuna vitu nimeanza kuviona mwenyewe. Nikiwa harusini au msibani watu wakiongea wengi kwa pamoja, sauti inakuja vizuri tu ila maneno hayaji, naishia kucheka pale wanapocheka wenzangu. Kwenye daladala konda akitaja nauli mpaka arudie. Lakini nikikaa na mtu mmoja mahali kimya naongea naye fresh kabisa, hata simu namsikia mtu vizuri.

Nikaenda kupima. Nikaingizwa kwenye kachumba kasikopitisha sauti, nikavalishwa hedifoni, naambiwa ukisikia mlio hata kama ni mdogo vipi bonyeza. Nikabonyeza weee. Dokta akaangalia mchoro akasema masikio yako mazima kwa umri wako, nenda. Nikaja na karatasi nyumbani nikamwonyesha waifu nikijua kesi imeisha. Akaisoma, akaikunja, akasema "basi ndo mbaya zaidi, kama masikio ni mazima ina maana ni mimi tu ndo hutaki kunisikiliza."

Hapo ndo nimekwama wakuu. Inawezekana kweli sikio likawa zima halafu mtu asishike maneno? Au waifu yuko sahihi, sauti inaingia ila akili haipo? Na kama kuna kipimo kingine kinaitwaje?

Kidume Mtulivu

Sikio la kufa halisikii dawa mkuu. Pole kwa yajayo 😂😂

mama_J

Kaka yangu kabla hujapoteza hela ya hospitali nyingine nijibu swali moja. Wifi akikuambia kuna mteja kapiga simu anataka kitanda cha sita kwa sita na hela anayo mkononi, hilo nalo huwa linakupita?

Nauliza kwa sababu ninaye wa kwangu. Akiwa anaangalia mpira nikimwambia gesi imeisha, kimya. Nikirudia, "eeh?" Lakini niko jikoni, mlango nimerudishia, naongea na mdogo wangu kwa simu tena kwa sauti ya chini kwamba mpangaji wa nyumba ya nyuma kahama usiku bila kulipa kodi, nasikia huko sebuleni "nani kahama?" Sasa hayo masikio mimi niyaiteje? Yanafanya kazi, ila yanachagua.

Na wala sio wanaume peke yao. Mimi mvua inamwagika kwenye bati usiku kucha na mabomba ya jirani yanapiga kelele, nalala fofofo. Ila mtoto akiguna tu kidogo, hajalia hata, nishakaa kitandani. Baba yake yuko palepale pembeni na yeye ana masikio mawili. Mimi nilipolazwa hospitali akabaki na mtoto, aliniambia mwenyewe kwamba alikuwa anaamka. Kwahiyo kumbe anaweza.

Sisemi huna tatizo. Nasema anza kujichunguza saa ngapi husikii, na unakuwa umeshika nini mkononi.

fundi_mninga

Dada umenishika pabaya. Simu huwa ninayo jioni ndiyo, nani hana. Ila harusini sishiki simu na bado siambulii kitu, hilo ndo linanitisha.

odio_mtaani

Mkuu kazi yangu ni hiyohiyo ya kupima usikivu, sitasema ni wapi. Nitaandika kirefu, vumilia.

Kwanza kile kipimo ulichofanya. Kinaitwa odiometria, wanakupa milio ya toni moja moja, kawaida kuanzia hezi 250 mpaka 8000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti, namba ikipanda sauti inakuwa nyembamba), ndani ya chumba kimya, wanatafuta sauti ndogo kabisa unayoweza kuigundua. Ni kipimo kizuri na lazima kianze hicho. Lakini ni kama kubisha hodi kwenye nyumba, ukiitikiwa umejua kuna mtu ndani, hujajua kama huyo mtu anaweza kukusomea barua. Wewe hujalalamika kwamba husikii milio. Umelalamika kwamba watu wakiongea kwenye kelele hushiki maneno, na hicho chumba hakina kelele hata kidogo, ndo maana kimejengwa. Kwahiyo ulipimwa kitu kimoja, tatizo lako ni kingine.

Pili, hebu toa ile karatasi uangalie. "Mazima kwa umri wako" ni maneno ambayo mimi huwa siyapendi. Angalia ule mstari unavyokwenda kuanzia hezi 3000 mpaka 6000, hasa pale 4000. Mafundi wa mashine, askari, watu wa viwanda vya kusaga, ukiwapima unakuta mstari unakwenda vizuri afu pale kwenye 4000 unadumbukia, kisha unapanda tena kwenye 8000. Ule mdumbukio ndo alama ya kelele. Unaweza ukawa bado haujavuka mpaka wa kuitwa mgonjwa, lakini upo.

Na hapo juu ndo konsonanti zinakaa. Irabu a, e, i, o, u zina nguvu na ziko chini chini, hizo ndo zinazokufanya useme "sauti inakuja". Lakini s, f, t, k, sh ni dhaifu na nyingi zina nguvu yake huko juu, na hizo ndo zinazotenganisha neno na neno. Mteja akisema laki sita na akisema laki tisa, irabu ni zilezile i na a. Ukiwa sehemu kimya ubongo unajaziliza kwa mdomo wake, kwa bei unayoijua, kwa mazungumzo yaliyotangulia, hata husikii kama kuna pengo. Weka muziki wa harusi nyuma, pengo linakuwa kubwa kuliko kiraka.

Tatu, na hili wengi hawalijui. Ndani ya sikio kwenye koklea, ile sehemu iliyojikunja kama konokono, kuna seli zenye vinywele, kama 3,500 za mstari wa ndani na kama 12,000 za mistari ya nje, kwa kila sikio. Zikifa kwa mwanadamu hazioti tena. (Kuku zinaota. Kuku unamharibu sikio kwa kelele na baada ya wiki kadhaa seli zimerudi, watafiti wanahangaika na hilo toka miaka ya 1980.) Sasa zamani tulikuwa tunaamini kwamba ukitoka kwenye kelele masikio yamezibaziba, kesho yake yakifunguka basi hakuna hasara. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Boston, Kujawa na Liberman, wakawapigia panya kelele ya kiwango hichohicho, usikivu ukashuka afu ukarudi, seli zote zipo, kipimo cha kawaida kinasoma zima. Walipoangalia kwa hadubini wakakuta zile sehemu ambapo seli inakabidhi taarifa kwa mshipa wa fahamu zimepotea, sehemu nyingine karibu nusu. Kwa binadamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani inatokea hivyohivyo, maana huwezi kumpasua mtu sikio ukaangalia. Lakini wanaokuja wakiwa na maelezo kama yako na karatasi safi ni wengi mno.

Unachotakiwa kuomba ni kipimo cha kuelewa maneno kwenye kelele. Unasikilizishwa maneno au sentensi huku nyuma kuna kelele inayoongezwa, unarudia ulichosikia. Ukiweza waombe iwe Kiswahili, hata kama ni mtu mwenyewe anakusomea orodha ya maneno, maana ukipimwa kwa maneno ya Kiingereza usiyoyazoea utafeli kwa sababu nyingine kabisa.

Kidume Mtulivu

Dokta mimi nilikuja kucheka hapa, sasa naanza kuogopa hii klabu ninayoenda kila wikiendi.

odio_mtaani

Ogopa kiasi. Kiwango kinachotumika sehemu nyingi za kazi ni desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8. Kila ikiongezeka 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, ikifika 100 ni robo saa. Msumeno wa umeme ukipita kwenye mbao ngumu unavuka 95 kirahisi. Klabu yenu ukisimama karibu na spika usiulize. Ukitoka na mluzi masikioni, huo mluzi ni taarifa.

Ngosha wa Bandani

Mnazidisha sana sayansi. Huyu jamaa anatoka kazini kachoka, anakuta mke ana mambo ya siku nzima, mtoto kafukuzwa shule kwa mchango, mama mkwe anaumwa mguu, fundi bomba hajaja. Nani atasikiliza yote hayo? Binadamu anachuja.

Mi nataka niongelee kitu kingine, hiyo "sawa, sawa" yake. Mzee wangu (marehemu sasa) alikuwa ukimweleza jambo haitikii. Unaongea, yeye anasuka kamba yake, anakohoa, unamaliza, kimya. Unaondoka umekasirika unasema mzee hakunisikia. Siku tatu nne baadae mko shambani anakwambia, lile la pale uliposema kwamba yule bwana alikuahidi ng'ombe wawili afu akasema mmoja ana mimba, hebu rudia vizuri, alisema kabla au baada ya kupokea hela? Unabaki mdomo wazi. Kumbe alibeba kila kitu. Sasa sisi tunaitikia kabla mtu hajamaliza, ndiyo, sawa, eeh, nimekupata, na hatujapata chochote. Waifu wako mi naona hakasirishwi na sikio, anakasirishwa na hiyo "sawa" inayotoka haraka. Ungekaa kimya angejua hujasikia, angerudia. Wewe unampa risiti ya mzigo ambao hujapokea.

mama_J

Ngosha leo umeongea.

ticha_kata

Naomba niingilie kidogo kwa upande wa watoto maana hii mada ingewasaidia wazazi wengi.

Nafundisha msingi, madarasa ya chini. Kila mwaka napata mtoto ambaye mwalimu aliyetangulia ameniandikia hasikii anachoambiwa, mtukutu, mzembe. Unamwita jina akiwa amegeuka, kimya. Unampa maelekezo mawili kwa pamoja, anafanya moja. Unamwadhibu, kesho vilevile. Baadhi yao kweli ni watukutu, sitadanganya, lakini kuna mmoja mwenye mafua yasiyoisha, analala mdomo wazi, nyumbani anaongeza sauti ya tivii, ukimwangalia anakukazia macho mdomoni. Huyo mwambie mzazi ampeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mara nyingi wanakuta maji mazito yamejaa nyuma ya kiwambo cha sikio, hayaumi, hayatoki usaha, kwahiyo nyumbani hakuna anayejua. Mtoto anasikia kama mtu aliyeziba masikio kwa vidole. Kwa wengi yanakauka yenyewe ndani ya miezi michache, wengine wanahitaji msaada, lakini hiyo miezi kwa mtoto wa darasa la kwanza anayejifunza silabi ni mingi. Kuna siku anasikia, kuna siku hasikii, ndo maana tunasema "akitaka anasikia".

Na tuwe wakweli, mazingira nayo. Darasa lina watoto mia na zaidi, bati tupu bila dari, ukuta mtupu, sauti inagonga inarudi. Mvua ikianza mi huwa naacha kufundisha, nawaambia wachore, maana naona midomo yao inaniitikia "ndiyo mwalimu" na hakuna aliyesikia hata mmoja. Ukienda kwenye ukaguzi unaulizwa kwanini somo halikukamilika.

Mkuu mtoa mada watoto wako wakikaa karakana baada ya shule, watoe.

mtu_wa_apron

Hii mada imenigusa kwa upande wa kazi. Niko viwanja vya ndege, chini huku kwenye maegesho, sio rubani. Kwenye mafunzo yetu karibu kila mwaka tunasimuliwa ajali ya ndege ya Tenerife na mi naona kila mwenye ndoa angesimuliwa pia 😅

Ilikuwa tarehe 27 Machi 1977. Bomu lililipuka uwanja wa ndege wa kisiwa cha Gran Canaria, ndege zikaelekezwa kutua kisiwa cha jirani cha Tenerife, uwanja mdogo wa Los Rodeos, barabara ya kurukia moja tu. Zikajazana mpaka njia ya pembeni ikaziba, kwahiyo ndege ikitaka kuruka lazima ipite juu ya barabara yenyewe ya kurukia mpaka mwisho kisha igeuke. Jumbo (ile ndege kubwa ya Boeing 747) ya KLM, shirika la Uholanzi, ikatangulia ikageuka. Jumbo ya Pan Am, shirika la Marekani, ikawa nyuma yake inakuja barabara ileile. Ukungu ukashuka, hawaonani, mnara hauwaoni wote wawili, na rada ya ardhini hakuna. Kilichobaki ni masikio tu.

KLM wakapewa maelezo ya njia ya kufuata wakishakuwa angani. Hiyo haikuwa ruhusa ya kuruka. Rubani msaidizi akayarudia, akamalizia kwa kusema kitu kama sasa tuko kwenye kuruka. Mnara ukaelewa kwamba wako tayari wanasubiri, ukajibu "OK", halafu ukasema subirini nitawaita. Sekunde hiyohiyo Pan Am nao wakaingia hewani kusema sisi bado tuko barabarani. Redio zile wawili wakiongea kwa pamoja kwenye masafa mamoja unasikia mluzi. Chumba cha marubani cha KLM walichopata ni "OK" na mluzi.

Mpaka hapo ni habari ya kusikia, mitambo iliwaangusha. Sasa angalia kilichofuata, ndo kinachoniumaga. Mnara ukawaambia Pan Am mtoe taarifa mkishatoka barabarani, Pan Am wakajibu tutatoa tukitoka. Haya yaliingia KLM bila mluzi, yamerekodiwa. Marubani wawili walikuwa wameshaanza kukimbiza ndege, macho mbele, mikono kwenye mitambo. Injinia wa ndege amekaa nyuma yao ndo akayashika, akauliza, kwani yule Pan American hajatoka? Kapteni, mtu mkubwa sana kwenye kampuni yake, mwalimu wa marubani, akajibu kwa msisitizo kwamba ametoka. Injinia akanyamaza. Walikufa watu 583, na upande wa KLM hakupona hata mmoja aliyekuwa ndani.

Watu watatu chumba kimoja, sauti ileile imeingia masikio ya wote, mmoja tu ndo alisikiliza, na alipouliza hakusikilizwa. Baada ya pale mambo mawili yalibadilika ambayo sisi tunaishi nayo mpaka leo. Neno la kuruka halitamkwi hewani isipokuwa kwenye kutoa ruhusa yenyewe au kuifuta, muda mwingine wote unatumia neno lingine. Na kuitikia "sawa" kwa maelekezo ya muhimu hakukubaliki, unarudia ulichoambiwa chote, na aliyekuambia naye analazimika kusikiliza unavyorudia akusahihishe. Watu wanasahau hicho kipande cha pili. Kurudia bila mwenzio kusikiliza marudio ni kelele tu.

Kwahiyo mkuu ushauri wangu ni wa kikazi kabisa. Shemeji akikwambia Jumamosi tupeleke mahari kwa kina fulani saa nne, usiseme sawa. Sema "Jumamosi saa nne mahari". Ukikosea atakurekebisha hapohapo, wala haitajalisha kosa lilikuwa la sikio au la akili.

Ngosha wa Bandani

Huyo kapteni nina bosi kama yeye.

mama_J

Nimesoma mwili umesisimka. Huyo injinia maskini. Angesema mara ya pili.

mtu_wa_apron

Ndo tunachofundishwa sasa hivi dada, kusema mara ya pili, na mkubwa kufundishwa kuulizwa. Zamani haikuwepo.

odio_mtaani

Nirudi kidogo kwa kile alichosema mama J mwanzo kuhusu simu, maana nisije nikaonekana nimemsafisha mume kwa karatasi za sayansi.

Kusikia hakuzimwi, hata ukilala sikio liko kazini. Lakini ubongo unaamua nini kipite. Mwingereza mmoja, Colin Cherry, mwaka 1953 aliwavalisha watu hedifoni, sikio hili maneno haya, sikio lile maneno mengine, wakaambiwa wayarudie kwa sauti ya upande mmoja tu. Walipomaliza akawauliza upande wa pili ulikuwa unasema nini. Hawajui. Lugha ilibadilishwa kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani humo katikati na hawakugundua. Walichogundua ni kama sauti ya mwanaume imegeuka ya mwanamke, au kama ni mlio tu. Yaani sauti walikuwa nayo, maneno hawana. Baadae 1959 mwingine, Moray, akachomeka jina la mtu mwenyewe kwenye lile sikio la pili, na kama theluthi ya watu wakalisikia. Hilo ndo "nani kahama?" la mume wa mama J.

Na kuhusu macho, mwaka 2015 watafiti wa University College London walipima ubongo wenyewe wakati mtu anafanya kazi ngumu ya kuangalia kwenye skrini. Kazi ya macho ikiwa ngumu, mwitikio wa ubongo kwa sauti unashuka palepale mwanzoni, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kwahiyo ukiwa unakokotoa mkeka wa kubeti kwenye simu na shemeji anaongea, sio kwamba umesikia ukapuuza. Kwa kiasi fulani hukusikia kabisa. Sijui kama hilo litamfurahisha au litamkasirisha zaidi.

Sasa kwako mkuu naona yako yote mawili. Harusini ni sikio, mezani nyumbani ni simu. Na yanalishana, maana mtu ambaye sikio lake limeshuka kidogo anatumia nguvu nyingi siku nzima kujaziliza maneno, akifika jioni amechoka kichwa sio mwili, anakimbilia simu kwa sababu simu haihitaji kusikiliza. Wake zao wanasema wanajitenga. Hili nalo waambie ukienda kupima.

Kidume Mtulivu

Mkeka tena mmeutaja hadharani jamani 😂

fundi_mninga

Wakuu nimerudi. Nimeitoa karatasi, na kweli kwenye 4000 mstari umedumbukia masikio yote mawili, la kushoto zaidi. Kwenye msumeno sikio la kushoto ndo huwa nalielekeza kwenye mashine, sikuwahi kuliwaza hilo. Nimeshaulizia kipimo cha maneno kwenye kelele, kuna hospitali nimeambiwa wanacho, naenda wiki ijayo.

Waifu nimempa simu asome uzi wote. Pale kwa gesi kacheka mpaka kakaa chini. Pale kwa mzee wa Ngosha akasema "umeona?" Ile ya kurudia ameikubali, ila kaweka sharti kwamba nirudie nikiwa namwangalia, sio nasoma kama kasuku huku macho yako kwenye simu. Na yeye nimemwomba asiniongeleshe akiwa jikoni mi niko sebuleni, aje, au aniite jina kwanza kabla ya kuanza. Hapo tumebishana kidogo, anasema yeye ndo atembee wakati mi ndo nina tatizo? Bado hatujamaliza.

Mtu_wa_apron ile ya mahari ulijuaje 😅 kweli tuna mahari ya mdogo wake mwezi ujao.

Swali la mwisho. Vijana wangu wanne wote bado wadogo, sitaki wafike nilipofika. Vile vya kuvaa masikioni ni vipi vizuri, na je pamba haitoshi? Wengi huku tunaweka pamba.

odio_mtaani

Pamba ni kujifariji, inapitisha karibu kila kitu. Nunua vile vya kufunika sikio zima kama hedifoni, kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini vipo, au vile vya sponji vya kusokota na kuingiza ndani, ambavyo ni bei rahisi ila lazima uviingize vizuri: unavisokota viwe vyembamba, mkono wa pili unapita nyuma ya kichwa unavuta sikio juu, unaingiza, unashikilia mpaka vifutuke. Mikono iwe safi, sio yenye gundi na vumbi la mbao.

Kwenye boksi kuna namba ya NRR, yaani kiwango cha kelele kinachopunguzwa. Usiiamini ilivyo. Wengi tunatoa 7 kisha tunagawa kwa 2. Ikiandikwa 27, hesabu kwamba unapunguziwa desibeli 10 hivi kwenye kazi halisi, kwa sababu vijana wanavaa vibaya na wanavua kila dakika. Desibeli 10 bado ni nyingi, kwenye ile hesabu ya saa hapo juu unakuwa umepata zaidi ya mara nane ya muda.

Na ile spika ya bluetooth itoke. Wakishavaa vya kuzuia kelele hawataisikia, wataiongeza.

Ngosha wa Bandani

Wakivaa hivyo bosi akiita watasikiaje?

odio_mtaani

Azime mashine kwanza, ndo aongee.